Mikono ya Gauni

Namwonea wivu wifi yangu, dada wa mume wangu, na sioni haya kusema. Si kwa sura, wala kwa mume. Mumewe mwenyewe anakoroma mpaka majirani wamechoka. Namwonea wivu kichwa. Anacheka kwa nguvu, anajimwagia marashi, anaruka kifungua kinywa, na kichwa chake hakimfanyi lolote. Mimi nikithubutu moja tu kati ya hayo, kipandauso kinanilaza chali.

Tunashona pamoja kwenye duka la mama mmoja tunayemwita Bosi. Mimi mshono ukipinda kidogo, nafumua wote. Hata nikitunga uzi kwenye sindano nimeshawaza utakatika, mteja atanuna, nitafukuzwa. Wifi ukimwonyesha mshono uliopinda, anasema, "Itakaa tu, wifi." Na inakaa. Inaudhi sana.

Sasa magoti yamemchosha Bosi, anataka kumwachia mmoja wetu mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, ambao hakuna mwingine anayeugusa. Atakayeushika ndiye mkuu wa duka. Akanipa gauni la bibi harusi. "Likimkaa vizuri akija kulijaribu, mkasi wako," akasema.

Siku ya kujaribu ilikuwa imebaki mikono tu kupachika, vikaanza vile vimulimuli vya kipandauso machoni. Kwanza nukta inayometameta, kisha mistari ya kona kona, halafu nusu ya cherehani sikuiona tena. Dawa yake naijua: kumeza kidonge mapema na kulala gizani. Lakini nikawaza, nikilala wifi atamalizia, Bosi ataona, mkasi umekwenda. Nikashona hivyo hivyo, kwa kukisia. Nilipokata uzi wa mwisho maumivu yakashuka upande wa kushoto, nikatapika kwenye ndoo ya vipande vya vitambaa.

Wifi akanishika, akanilaza chumba cha nyuma, akafunga pazia, akaniwekea kitambaa cha maji usoni. Kisha akasogea mbali kwa sababu ya marashi yake. Hata hilo analijua, huyu.

Nikiwa gizani nikasikia cherehani yake inakwenda. Anashona nini? Baadaye akaingia bibi harusi. Akalivaa, akacheka kwa furaha. "Mikono imekaa hii," nikamsikia Bosi. Nikajua nimeporwa. Kichwa kilikuwa kinaniua, lakini wivu uliniuma zaidi.

Nilipoweza kusimama, gauni lilikuwa limetundikwa. Nikaligeuza ndani nje. Kwenye makwapa kulikuwa na vitundu vya sindano, vya mshono uliofumuliwa.

"Mkono wa kulia ulikuwa umeupachika kushoto," wifi akaninong'oneza, "na wa kushoto kulia. Maskini angeshindwa hata kumkumbatia mumewe." Akacheka polepole, kwa ajili ya kichwa changu.

Nikatafuta kasoro kwenye mshono wake. Nilitafuta kweli. Ulikuwa mdogo, umenyooka, ungedhani wangu. Kumbe anaweza, tena bila kuumwa popote.

Bosi akaja na mkasi, akaninyooshea. "Wifi yako kaniambia kazi yote yako."

"Si yangu. Mikono niliikosea, kaishona yeye. Mpe yeye," nikasema, na ilikuwa hasira, si uungwana.

Bosi akamgeukia. Wifi akatikisa kichwa. "Mimi niushike wa nini? Niwe nawaza vitambaa hata nikila? Ningeutaka, Bosi, ningemwacha bibi harusi atoke na mikono ile."

Bosi akaniwekea mkasi kiganjani. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Wifi akachukua mkoba wake, akaaga, akaondoka huku akiimba. Nikabaki mlangoni namtazama, mkasi ni wangu, na bado namwonea wivu, safari hii kwa kutoutaka.