Bima Iliyoisha Nikiwa Edani

Mimi nina mdomo. Mtaa wetu wote wa Oli, hapa Arua, unalijua hilo, na marehemu mume wangu Yakubu alilijua kuliko wote. Kwa hiyo polisi alipopiga hodi mlangoni kwetu, Oktoba ya 1974, nilimfokea kutoka nyuma ya pazia bila kumwonea haya.

"Hapa iko nyumba ya eda! Mwanaume anatafuta nini?"

"Natafuta mutu ya gari, mama. Pijo ya bluu. Tumekamata yeye Koboko, na dreva tumefunga."

Dreva huyo ni Lukumani, mdogo wake Yakubu. Tangu kaka yake afariki mwezi wa saba, yeye ndiye aliyeendesha ile Pijo, pikapu yetu, akipeleka wachuuzi na mizigo yao sokoni Koboko na kuwarudisha Arua. Chakula cha wanangu wanne kilitoka humo. Ufunguo nilimpa mimi, kwa mkono wangu huu, kupitia pazia hilohilo, kwa sababu mwenye eda hatoki nje miezi minne na siku kumi.

"Amegonga mutu?"

"Hapana. Bima imeisha. Kutoka mwisho ya mwezi ya tisa gari inatembea bila bima."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, nikadhani ananitania. Tangu lini mtu akafungwa kwa ajili ya kibandiko cha kwenye kioo? Ndipo akapenyeza karatasi chini ya pazia, na kicheko kikanikauka. Ulikuwa wito wa mahakama, na jina lililoandikwa pale lilikuwa langu: Hawah, mjane wa Yakubu.

"Mwenye kuendesha iko na kosa," alisema polisi, "na mwenye kuruhusu iko na kosa. Sheria inaweza kufunga nyinyi wote wawili. Dreva nimeambia yeye hivyohivyo."

Alipoondoka ndipo nilipoikumbuka barua. Mwezi wa Shaabani, Lukumani aliniletea kutoka posta bahasha ndefu yenye jina la Yakubu. Katika ukoo wetu kitu cha marehemu hakifunguliwi mpaka eda iishe na wazee wakae kugawa mirathi, na mama mkwe wangu, Kaltumu, hana mchezo na jambo hilo. Niliipokea bahasha, nikaibusu, nikailaza sandukuni juu ya kanzu zake. Nilijiona mke mwema kweli.

Sasa nilifungua sanduku, nikaichana ile bahasha. Kiingereza sikijui, lakini tarakimu nazijua: 30, kisha 9, kisha 1974. Watu wa bima walikuwa wametuonya mapema, nami nikalifungia onyo lao pamoja na nguo. Nilijipiga kofi mbele ya watoto wangu.

Asubuhi ya kesi Kaltumu alisimama mlangoni.

"Wewe hapana toka. Mwanamke ya eda hapana simama mbele ya wanaume. Watu itasema nini?"

"Mama, serikali imeita mimi. Mtoto yako iko ndani."

Alinifunga mtandio yeye mwenyewe, kwa hasira, akakaza mpaka masikio yakaniuma.

Hakimu alizungumza Kiingereza, na karani mmoja, Okuonzi, alitutafsiria. Walipomwingiza Lukumani nilitaka kupiga yowe. Hakuwa na viatu, shati lilikuwa limechanika begani, na kwa wiki moja tu alikuwa amekonda mpaka mashavu yameingia ndani. Huyu ni mtu ambaye hata jirani hajawahi kugombana naye. Niliona aibu kuu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na kibano kilikuwa chake.

Njia nzima kutoka nyumbani nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Ningesema juu ya eda, ningesema juu ya barua, ningesema kwamba ufunguo nilitoa mimi na sikujua kitu. Liwalo na liwe. Lakini nilipofikiria watoto wanne wabaki na bibi yao mzee, mimi nikiwa jela, nilipunguza mwendo.

Hakimu alianza na Lukumani. Alikiri kwamba gari halikuwa na bima. Okuonzi akatafsiri swali la pili: "Nani aliruhusu wewe kuendesha?"

Lukumani alitazama sakafu. "Hakuna mutu. Mama huyu iko kwa eda, hapana jua kitu. Ufunguo niliiba."

Niliiba! Masikio yangu yalivuma. Mtu niliyemkabidhi ufunguo kwa bismillahi anajiita mwizi mbele ya mji mzima! Nilijikuta nimesimama kabla sijaitwa. Hakimu alinikazia macho, akasema jambo, na Okuonzi akaniuliza: "Ni kweli, mama? Aliiba? Uko na neno?"

Ndipo Lukumani aliponitazama. Mkono wake ulikuwa chini, karibu na paja, na alikunjua vidole vinne tu, polepole. Watoto wanne. Kisha akatikisa kichwa.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilivitazama vile vidole vinne.

"Sina neno," nilisema.

Alihukumiwa miezi tisa gerezani, na leseni akanyang'anywa. Mimi niliambiwa niende nyumbani, gari nitalipata nikishalipa bima. Nilikaa kwenye baraza la mahakama, na Okuonzi akatoka kunitazama. Nilimuuliza kwa nini miezi yote hiyo, kwa karatasi tu.

"Kwa karatasi?" alishangaa. "Hapana, mama. Bima ni faini, na leseni kuchukuliwa. Wewe pia ungetoa faini kidogo, unarudi nyumbani. Hakimu huyu hajafunga mutu kwa bima. Amefunga yeye kwa wizi ya gari."

Nilimshika mkono, mimi mwenye eda, mkono wa mwanaume nisiyemjua, nikamwambia turudi ndani, nikamwambie hakimu ukweli. Lakini lori la gereza lilikuwa limeshaondoka, na hakimu alikuwa anasikiliza kesi nyingine. Okuonzi alinishusha mkono taratibu. Alisema hakimu alikwisha kuniuliza.

Siku kumi na mbili za eda zilikuwa zimebaki. Nilizimaliza ndani, nikilia mpaka sauti ikapotea. Wanawake wa Oli waliniletea uji, wakanishika mabega, wakasema Yakubu alipata mke anayejua kuomboleza, na mimi niliwaacha waseme.