Nimeshasogeza, Dada

Nilikuwa nimeketi nyuma ya wavu wa waya, mfuko wa karanga za kuchemsha mapajani, nikimshangilia mtoto wa watu. Msichana mrefu wa jezi nyekundu, mrushaji hodari, na mimi asubuhi hiyo nilikuwa na moyo mkunjufu, tayari kumpigia makofi mtu yeyote. Waliokuwa wakiupiga mpira wake walivaa bluu kama kikosi chetu, ila bluu zilikuwa tele katika mashindano yale. Saa yangu ya mkononi ilisema saa tatu kasoro robo. Mechi ya binti yangu ilikuwa saa tatu kamili. Nilijiona baba wa mfano.

"Hawa nao watamaliza lini wawapishe wetu?" nikamuuliza mke wangu, Darla.

Darla alikuwa amekodoa macho upande wa pili wa uwanja. Kati yetu alikaa mama yake, Bibi Opal, mkoba magotini, kama mtu aliyekwisha kusema lake na hana haja ya kulirudia.

Binti yetu Kendra alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka uliotangulia nilikosa mechi zake zote kumi na nne za softiboli, ule mpira wa kurushwa na kupigwa kwa gongo, kwa sababu nilikuwa zamu ya jioni kiwandani. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Majira ya baridi nikapata zamu ya asubuhi, na kila jioni tukaingia ghalani, mimi nimekalia ndoo iliyopinduliwa na glavu mkononi, yeye akinirushia mpira. Mkono alikuwa nao. Kilichomshinda ni pumzi. Akiingiwa na hofu alirusha harakaharaka, mpira juu ya mpira, na yote ikaenda kombo. Basi tukawekeana ishara. Nikivua kofia yangu ya rangi ya chungwa, maana yake: simama, pumua, ndipo urushe. Ghalani haikutuangusha hata siku moja.

Aprili shule zikafungwa, nasi tukafuatana na kikosi hadi pwani ya Alabama, mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Mashindano siku tatu, bahari siku hizohizo. Nyumbani Indiana tuliacha tope la theluji mlangoni.

Sasa niseme jambo linaloniaibisha mpaka leo. Miaka ile sisi wa Indiana hatukuwa tukigusa saa. Majimbo mengine, kila majira ya kuchipua, usiku mmoja wa Jumamosi, watu walisogeza saa zao mbele kwa saa moja. Sisi tulikaa palepale mwaka mzima na tukajivunia. Baba yangu alikuwa akisema ng'ombe hana habari na saa ya serikali. Tulijua tu kwamba ikifika wakati fulani vipindi vya televisheni vinahama, tukanung'unika siku mbili, tukazoea.

Mimi nilijua kitu kimoja na nilikijua vizuri: Alabama iko nyuma yetu kwa saa moja. Tulipofika Ijumaa, kabla ya kushusha mizigo, nikarudisha nyuma saa yangu, ya Darla na ya garini. Bibi Opal akaficha mkono nyuma ya mgongo.

"Yangu usiiguse."

"Mama, utajikuta unadai chakula cha mchana asubuhi."

"Tumbo langu halisomi ramani, Royce."

Tulicheka, tukaenda kukanyaga maji. Siku mbili zikapita kwa raha. Darla akaungua mabega, Bibi Opal akaingia baharini na viatu vyake vya kanisani, na kikosi kikashinda mechi baada ya mechi huku Kendra akicheza kule nyuma kabisa ambako mpira hufika kwa nadra. Kisha Jumamosi jioni mrushaji wetu akavimba kidole. Kendra alikuja mbio hadi kwenye gari, uso umempauka.

"Baba, fainali kesho naanza mimi. Utakaa wapi?"

"Nyuma ya wavu, katikati."

"Na kofia?"

"Na kofia."

"Kweli, Baba? Usije ukaniacha."

"Kweli tupu."

Wasichana walilala pamoja chini ya uangalizi wa Kocha Denny na mkewe. Sisi tulirudi kwenye moteli yetu ya bei nafuu karibu na ufuo. Msichana wa mapokezi akanipa ufunguo.

"Kaka, usisahau kusogeza saa usiku huu."

"Nimeshasogeza, dada," nikamjibu, kifua mbele. "Tangu Ijumaa!"

Akanitazama kidogo. "Haya, wewe umewahi kweli." Tukacheka sote wawili, kila mmoja na lake.

Asubuhi tulikula mkate na soseji chumbani, bila haraka. Bibi Opal alikuwa amesimama mlangoni, kavaa, mkoba begani.

"Mtoto ameshaanza kucheza, nyinyi bado mnatafuna."

"Mama, saa yako bado iko Indiana," nikamwambia. "Hapa ni saa mbili na kumi."

"Yangu ni saa tatu na kumi."

"Ndiyo hivyo! Toa moja."

Alinitazama kama anavyomtazama muuzaji wa vyerehani. Njiani nilisimama kununua karanga.

Na sasa Darla, pale nyuma ya wavu, akanishika mkono. "Royce. Yule kwenye benchi si Kendra?"

Mwisho wa benchi palikuwa na msichana aliyejifunika koti kichwani. Viatu nilivijua, nilivifunga kamba mimi mwenyewe jana yake. Karanga zikamwagika. Nikazunguka uwanja hadi kwa Kocha Denny.

"Ulikuwa wapi wewe?" akaniuliza.

"Nimefika robo saa kabla!" Nikamwonyesha saa.

"Tulianza saa tatu, Royce."

"Saa tatu yenyewe haijafika!"

Tukatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake amerukwa na akili. Mzee aliyekuwa akichora mistari ya chokaa uwanja wa jirani akaegemea mkokoteni wake.

"Nyinyi ni wa Indiana, au siyo? Kila mwaka hatukosi mmoja."

Akanieleza kwamba usiku wa kuamkia leo saa zote za huku zilisogezwa mbele. Denny naye alikuwa ameambiwa kwenye kikao cha makocha usiku, akadhani kila mzazi amesikia. Nikajaribu kupiga hesabu. Mimi nilirudisha moja nyuma. Wao wamepeleka moja mbele. Kwa hiyo hapa ni sawa na nyumbani, kwa hiyo ningeiacha saa ilivyokuwa... Kichwa kikagoma. Nikageuka. Ng'ambo ya uwanja Bibi Opal alikuwa ameinua mkono wake wenye saa, wala hakuwa anacheka. Mama wa watu alikuwa sahihi, na hakujua kwa nini.

"Alirusha mipira minane mibaya mfululizo," Denny akasema kwa sauti ya chini. "Kila akirusha anatazama wavu. Nikadhani ameona nyoka. Wakatupachika pointi tatu, ikabidi nimtoe."

Nilichuchumaa mbele ya benchi. Nilikuwa na maneno mengi, yote ya kujitetea.

"Kendra."

Kutoka ndani ya koti: "Saa ngapi sasa?"

"Sijui," nikasema. Ndiyo kweli pekee niliyokuwa nayo.

Kipindi cha mwisho mrushaji aliyempokea akachoka. Kanuni zinamruhusu aliyeanza kurudi mara moja, na Denny, kwa huruma au kwa kukosa mwingine, akamwita Kendra. Nikakimbia hadi nyuma ya wavu, katikati, nikavua kofia. Nikaivaa, nikaivua tena, nikaipunga juu kama mtu anayezama. Kendra hakutazama upande wangu. Alisimama. Mabega yakapanda, yakashuka. Akarusha. Mpigaji wa kwanza akatoka bila kuugusa mpira, wa pili akatoka, wa tatu akabaki akitikisa gongo hewani. Darla alilia kwa furaha. Mimi nilishika ile kofia kwa mikono miwili, nisijue nifurahi au nifanye nini, maana kilichokuwa kinanihitaji kimekwisha, nami nimefika.

Tulishindwa kwa pointi moja.

Siku hizi hata Indiana tunasogeza saa kama wengine, na simu inajisogeza yenyewe. Hata hivyo kila majira ya kuchipua, Jumamosi ile, Kendra hunipigia. Ana mabinti wawili sasa, wote wacheza softiboli. "Mzee," huniambia, "umeshasogeza?" Namjibu, "Nimeshasogeza, dada," na hucheka mpaka anakohoa. Kuhusu benchi lile hajawahi kuniuliza.

Siku yenyewe tuliendesha gari kuelekea kaskazini. Saa ya garini na yangu zilisema moja, ya Bibi Opal ikasema nyingine, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Baada ya maili nyingi Bibi Opal akafungua mkanda wa saa yake, akamnyooshea mjukuu wake.

"Shika. Hii haijaguswa na mtu."

Kendra akaivaa. Ilimpwaya, akaisukuma juu karibu na kiwiko. Katika kioo nilimwona akiitazama mara kwa mara. Nilidhani amelala aliposema:

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Kofia niliiona."

Nikamtafuta tena kwenye kioo.

"Ila nilikuwa nimeshapumua."