Pakiti ya Njano Juu ya Kompyuta

Pale Hsinchu, mji wa viwanda vya chipu nchini Taiwan, Yi-ching alikuwa akitazama kompyuta ya ofisi. Ilikuwa imekadiria kwamba mwakani hakuna mtu duniani atakayenunua simu yenye chipu ya antena nne. Makadirio hayo yakifika kwa wakubwa, wenzake wote wanaobuni chipu hiyo wangepoteza kazi.

Mhandisi Pao-lin hakuzisoma hata hizo namba. Alitazama juu ya kompyuta, mahali ambapo mafundi wa Taiwan huweka pakiti ya bisi ili mashine isisumbue.

"We! Nani kaweka bisi za pakiti ya njano? Kijani ndiyo inayoituliza mashine. Njano ni mkosi, hata mtoto anajua!"

Mkurugenzi Chuang akainamisha kichwa. "Ni mimi, jamani. Mlinzi wa getini alikuwa hajala tangu asubuhi, nikampa ile ya kijani. Dukani zilibaki za njano tu."

"Umefanya vyema, bosi," Yi-ching akamwambia kwa upole. "Ila sisi umetumaliza."

Pao-lin akakimbilia duka la mbali, akarudi na pakiti ya kijani, akaiweka taratibu kwa mikono miwili. Wakaanza hesabu upya. Safari hii kompyuta ikasema kila mtu duniani atanunua simu tisa, wakiwemo watoto ambao hawajazaliwa.

Yi-ching akajishika mdomo. "Bosi, hii nayo haiwezekani."

"Lakini hii wakubwa wataipenda, na hakuna atakayefukuzwa," Chuang akasema, akitafuta kalamu. "Ila tusizidishe, dada. Wasiozaliwa tuwahesabie mwaka unaofuata."

Akatia sahihi.