Maji ya Chumba Namba Tisa

Ijumaa saa tisa alasiri Akongo alishuka kwenye teksi iliyotoka kijijini kwake Molo, akiwa na mfuko wa karanga, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na gomesi yake ya pili, lile vazi refu la mabega yaliyochongoka, ndani ya mfuko wa plastiki. Hakwenda nyumbani kwa binti yake. Alikwenda moja kwa moja Hoteli Nyota ya Mpaka, kando ya barabara ya Tororo, ambako mkwe wake Clifford alikuwa amemlipia chumba namba tisa hadi Jumapili.

Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hilo halina mjadala, na wala hakuna anayekumbuka lilianza lini. Katika miaka tisa ya ndoa ya binti yake Awor, Akongo alikuwa amefika nyumbani kwao mara nne, zote mchana. Kila mara alikaa kwenye kiti kilichowekwa karibu na mlango, akanywa chai huku mkwe akisubiri nje, akaondoka kabla jua halijazama. Sebule aliijua. Vyumba vya ndani hakuwahi kuviona, na yanayotokea usiku katika nyumba ile hayakuwa yake kuyajua.

Kwa hiyo Tamasha la Mji lilipokaribia, na Awor akaomba mama yake aje kuliona, Clifford akatafuta hoteli. Alikuwa na malori matatu na kiti kwenye kamati ya tamasha, na jukwaa lenyewe lilikuwa limejengwa juu ya tela lake. Mjini Busia, pande zote mbili za mpaka, watu walimsifu. Si wakwe wengi wanaomlaza mama mkwe kwenye kitanda chenye chandarua, na sabuni ndogo iliyofungwa kwa karatasi.

Akongo alimwacha kuku jikoni, akavua viatu, akafungua bomba la bafuni ili anawe miguu. Bomba likakohoa, likatema hewa, kisha likalia. Kilikuwa kilio cha mwanamke, cha chini kwa chini, cha mtu anayejizuia watoto wasiamke. Kikaendelea kwa muda wa kutosha kuchemsha kikombe kimoja cha chai. Halafu maji yakaja, yakiwa na kutu kidogo.

Akatoka hadi mapokezi, miguu mitupu. Nabila, binti wa mwenye hoteli, alikuwa anapiga pasi foronya.

"Pole, Mama," alisema Nabila. "Hiyo bomba inaanza na kulia. Wacha itoke kwanza. Ikimaliza, maji inakuja."

"Nani analia?"

"Hatujui. Paipu yetu inapita nyuma ya paking ya malori, kwa zile nyumba. Mtu akilia usiku karibu na sinki, inaingia kwa paipu, inalala hapo mpaka mtu afungue. Chumba ya kumi na moja iko na mtoto. Chumba ya nne iko na mzee, lakini huyo anatukana tu."

Quinter, mfanyabiashara wa vitenge aliyevuka kutoka upande wa Kenya kwa ajili ya tamasha, alikuwa amekaa hapo akihesabu vitambaa vyake. "Mimi ndiyo walikuwa wameniweka hiyo tisa," alisema. "Nikawaambia wanibadilishie. Siwezi oga na mtu analia hivyo, mama. Unajiona kama wewe ndiye umemkosea."

Nabila akampa Akongo ndoo ya maji yaliyotekwa jikoni, na Akongo akanawa miguu kwa maji hayo. Alishukuru. Nyuma ya paking ya malori zilikuwepo nyumba nyingi, si ya Awor peke yake, alijiambia, na wanawake wengi.

Jumamosi asubuhi alifungua bomba tena. Safari hii kilio kilikuwa kipya, cha usiku uliopita. Akongo aliketi ukingoni mwa sinki la kuogea akasikiliza kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni, akisubiri jina. Mwishoni mwa kila pumzi palikuwa na mluzi mwembamba.

Awor alipokuwa na miaka mitatu aliugua kifaduro. Akongo alimbeba mgongoni wiki saba, na ugonjwa ulipopona ulimwachia mtoto mluzi ule, ambao hausikiki akicheka wala akiimba. Husikika akilia tu. Duniani hakuna mtu mwingine aliyelia hivyo, na Akongo alikuwa amewahi kuusikia mara mbili tangu binti aolewe. Mara ya kwanza Awor alikuja Molo na mkoba mmoja, na Akongo akamwambia kila nyumba ina moshi wake, avumilie. Mara ya pili alikuja na mkoba huohuo na mimba ya miezi mitano, na Akongo mwenyewe akamsindikiza hadi barabarani, akamsimamishia teksi, akamlipia nauli.

Akalia hapo bafuni, bila kuficha. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu sauti yake na ya bomba zilichanganyika. Kisha akaenda kwa Nabila kuomba kidumu cha lita tano, akakinga kilio chote kilichobaki, akafunga kifuniko kwa nguvu.

Uwanja wa tamasha ulikuwa umejaa. Bendi ya shule ilipita, wakaja wapiga akogo, vile vimarimba vya vidole, kutoka upande wa Waiteso, wakaja vijana wa Samia na ngoma zao. Mbio zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za walemavu wanaovusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu. Kila mmoja alibeba magunia mawili ya mahindi na kuzungusha pedali kwa mikono, na watu wa nchi mbili wakawa wanashangilia hadi sauti zikakauka. Clifford alipanda jukwaani kukabidhi kombe. Alizungumza vizuri. Alimsalimu mama mkwe wake kwenye kipaza sauti bila kumtazama, kama heshima inavyotaka, na watu wakapiga makofi.

Awor alikuja kwenye hema alimokaa mama yake, na chupa ya chai na watoto wake wawili. Alikuwa amevaa nguo ya mikono mirefu, na jua lilikuwa kali mno kwa nguo hiyo. Watoto walipokimbilia kuangalia ngoma, Akongo alikigusa kidumu miguuni mwake.

"Nimekusikia," alisema. "Kwa bomba ya hoteli."

Awor hakushtuka. Alimimina chai kwanza. "Ile ya hoteli? Walisema wataitengeneza tangu mwaka jana." Kisha akasema, "Nilifikiri inakwenda chini tu, Mama. Pamoja na uchafu."

"Kesho ninarudi Molo. Tutakwenda wote."

"Safari hii unanichukua?"

Swali hilo lilimchoma Akongo, na alistahili kuchomwa. "Ninakuchukua," alisema. "Ile mara mbili nilikosea. Nilikuwa mjinga na nilikuwa naogopa watu."

Awor alitazama uwanjani, mahali watoto walipokuwa. "Siwezi kuacha hawa. Nikitoka nao bila barua ya mwenyekiti wa mtaa, ukoo wa baba yao watawafuata Molo kesho yake. Watasema nimeiba."

"Barua nitatafuta."

"Basi kesho saa sita nitakuja kwa hoteli na mkoba," alisema Awor. Alitabasamu, na Akongo akaona jino moja la pembeni halipo. Walikunywa chai. Kwa muda wa kikombe kile walikuwa na furaha, wote wawili, na Akongo alijisikia mwepesi kuliko alivyojisikia kwa miaka.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa kwenye hema la wageni waheshimiwa, akila nyama. Alimkaribisha Akongo vizuri, akampa kiti. Akongo alieleza shida yake kwa ufupi, bila kumtaja mkwe vibaya, maana mama mkwe hamtaji mkwe wake vibaya mbele ya watu. Alisema tu kwamba binti yake anaumizwa na anahitaji barua aende nyumbani na watoto. Kisha akafungua kidumu.

Mwenyekiti aliacha kutafuna. Alisikiliza hadi mwisho, pamoja na wageni wawili waliokaa karibu. Mluzi ulisikika wazi. Kilio kilipokwisha, kidumu kilikuwa kimebaki na kikombe kimoja cha maji yenye kutu.

"Mama, hii inasikitisha sana," alisema mwenyekiti, na kweli alisikitika. "Lakini hapa jina liko wapi? Kilio haitaji jina la mtu. Naandika barua kwa msingi gani?"

"Mimi ndiye nimemzaa. Namjua."

"Wewe unamjua. Mimi nasikia bomba mbaya." Alifuta vidole. "Hii ni mambo ya maji, Mama. Wacha niongee na wenye kuhusika. Usiwe na wasiwasi."

Aliongea na wenye kuhusika. Jioni, kamati ilipokaa kupanga ratiba ya siku ya kufunga, alimwinamia Clifford na kumwambia kwamba mama mkwe wake ana shida ya maji hotelini, na kwamba alizunguka na kidumu akitafuta barua. Aliona ni jambo la kiungwana kumwambia. Clifford aliona aibu kubwa. Alimshukuru mwenyekiti, akapiga simu kwa fundi, akaenda nyumbani mapema.

Jumapili saa mbili asubuhi Olupot, fundi wa mabomba, alibisha mlango wa chumba namba tisa akiwa na spana na chujio jipya ndani ya boksi. Akongo alikuwa ametoka tu kusali na hakuwa amefungua bomba.

"Nimetumwa na mkwe wako," alisema Olupot. "Amelipa yote. Umepata mkwe, Mama."

Alifunga koki kuu, akatoka nyuma ya hoteli, akafungua paipu pale inapoingia ukutani ili kwanza amwage yaliyomo. Akongo alimfuata. Kilio cha usiku kikamwagika kwenye mtaro. Kilitoka kwa nguvu na kwa wingi, kikajaza mtaro, kikapita chini ya daraja dogo hadi barabarani, ambako akina mama wa usafi waliokuwa wakifagia takataka za tamasha walikiruka kwa kuinua gomesi zao kidogo. Olupot alichuchumaa akisubiri. Alisema amefanya kazi hii miaka kumi na minne na hajaona paipu iliyoshika kiasi kile. Akongo alisimama na kusikiliza yote, mluzi kwa mluzi, kwa sababu aliona kuondoka kungekuwa kumrudisha binti yake mara ya tatu. Alitamani kuziba masikio. Hakuziba.

Baada ya dakika ishirini na tano kilikatika. Hakikufifia kama kilivyokuwa kikififia siku nyingine. Kilikatika katikati ya pumzi.

"Imeisha," alisema Olupot, akafunga chujio. Nabila alikuja kuangalia kazi, akaridhika, akamuuliza angetaka kiasi gani kwa vyumba namba nne na kumi na moja.

Saa sita ilifika. Akongo alikuwa amevaa, amekaa kitandani, mfuko wake magotini. Kila baada ya muda aliinuka akafungua bomba, akaweka sikio, akafunga. Maji yalikuja papo hapo, meupe, bila kukohoa. Saa saba kasoro mlango uligongwa. Alikuwa Clifford, amesharudi nyuma hatua sita ndani ya ukumbi wa vyumba, macho chini na kofia mkononi. Kando ya ukuta alikuwa ameweka sukari kilo tano, sabuni za mche, na kitambaa cha gomesi cha rangi ya zambarau, kizuri kweli.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Awor anakusalimia sana. Aliteleza bafuni jana usiku. Taya limevunjika. Nimempeleka kliniki, wamelifunga na waya. Daktari anasema asifungue mdomo wiki sita." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Anaomba usimsubiri. Watoto wako na dada yangu. Teksi ya Molo nimeshalipa, iko hapo nje."

Akongo alitaka kumwambia. Alikuwa na maneno yote, yamepangana mdomoni, na kwenye ukumbi ule hakukuwa na mtu mwingine. Hatua sita tu. Lakini katika miaka yake sitini na minne hakuwahi kumwona mwanamke akizivuka hatua zile kati ya mama mkwe na mkwe, wala hakuwahi kusikia neno moja ambalo mtu amefundishwa kusema akizivuka. Alimtazama kichwani, kwenye nywele zilizonyolewa vizuri, na akamchukia kwa moyo wote.

"Nimesikia ulisumbuka na maji," alisema Clifford. "Nisamehe sana, Mama. Sasa inatoka vizuri?"

"Inatoka vizuri, mwanangu," alisema Akongo, akainamisha macho. "Asante."