Kabari ya Upande wa Mashariki

Aprili ile mto Mississippi ulijaa maji ya theluji iliyoyeyuka, ukashuka kwa kasi na magogo mgongoni. Daraja la reli la karibu na Inver Grove Heights lilikuwa la chuma, kuukuu, limepita miaka mia. Sehemu yake ya kati huzunguka juu ya nguzo moja ili vyombo vipite, na inaporudi, kabari nzito za chuma huingia chini ya ncha zake kuishikilia treni zinapopita.

Gitonga, Mmeru kutoka Kenya, ndiye aliyeliendesha daraja akiwa kwenye kibanda cha juu. Ildephonse, aliyetoka Rutshuru kwa njia ya kambi za wakimbizi, alikuwa fundi wake: grisi, boliti, kutu.

Asubuhi moja treni ya nafaka ilikuwa imeshapita. Kutoka juu ya mto ilikuja boti ikisukuma matishari matupu, yale majahazi bapa ya mizigo, na nahodha akasema redioni kwamba mkondo umemzidi nguvu, hawezi kusimama. Gitonga akabonyeza kitufe cha kuzitoa kabari. Zote zilitoka isipokuwa moja, ya upande wa mashariki.

Ildephonse alishuka na nyundo. Alipiga mpaka kabari ikalegea, akaingiza mkono kuondoa kipande cha chuma kilichoizuia. Kabari ikarudi nyuma ghafla, ikambana vidole.

"Imetoka?" Gitonga aliuliza redioni.

"Imelegea. Lakini imenishika mkono."

"Ngoja nilete jeki!"

"Jeki ya nini? Angalia mto, bana."

Gitonga akaangalia. Matishari yalikuwa yameshapinda kona, na mtu mwenye jaketi la rangi ya machungwa alikuwa akikimbia juu yake kuelekea nyuma.

"Kaka, nikizungusha itakukata."

"Najua. Zungusha."

"Ildephonse!"

"Kuna watu mule! Zungusha, Gitonga!"

Gitonga akazungusha. Kelele alizozisikia redioni hakumsimulia mtu yeyote, hata mkewe. Daraja lilifunguka, matishari yakapita yakikwaruza nguzo, na watu wote wa boti wakafika salama.

Ildephonse alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Kanisani kwao, mjini Fridley, ndiye aliyekuwa akiipigia kwaya gitaa, na mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi.

Kwa wiki nzima Gitonga hakwenda hospitali. Mkewe Jeptoo, muuguzi, akamwambia, "Mgonjwa hatembelewi kwa mawazo." Akampeleka mwenyewe.

Vestine, mke wa Ildephonse, aliwapokea mlangoni mwa wodi, akawapa kiti, akatoka nje.

"Nisamehe," Gitonga alisema.

Ildephonse akajiinua kitandani. "Mimi ndiye niliyesema zungusha. Ungekataa, leo tungekuwa tunazika watu. Hilo nalijua." Akautazama mkono uliofungwa bandeji. "Lakini usiniombe niseme hainiumi. Inaniuma, na nikikuona wewe inaniuma zaidi. Kwa hiyo njoo, lakini njoo polepole."

Gitonga akaitika kwa kichwa. Ildephonse aliporudi nyumbani, akawa anakuja Jumapili moja moja, anakaa kidogo, anaondoka. Safari ya nne Vestine alimwekea sahani ya sombe, yaani kisamvu, na ugali. "Kula, Baba," alisema. Hayo tu. Gitonga alikula huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kampuni ilibadilisha kabari zile na kumpa Ildephonse kazi ya kibandani, ambayo haihitaji vidole kumi. Gitonga ndiye aliyemfundisha. Siku ya kwanza kulifungua daraja peke yake, Ildephonse alikaa mbele ya vitufe akaomba kwa Kinyarwanda, lugha ya nyumbani kwao. Kisha akachukua redio, akamwita kila fundi kwa jina, akingoja kila mmoja ajibu kwamba yuko mbali na chuma.

Ndipo akazungusha.