Spika ya Fundi Ildefonce

Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kumuaga Mzee Romanus. Ndege waliondoka kwanza, akawa anawaona wakifunua midomo juu ya mihogo bila yeye kuambulia neno. Zikafuata sauti za watoto, kisha za wanawake, na Pasaka ya mwaka ule kengele ya kanisa la Lipingo ililia weee, mzee akaendelea kukata kucha zake kwa utulivu. Zilizobaki zilikuwa zile nzito: radi, lori la ushirika, na ziwa linapochafuka. Mganga wa zahanati, kijana mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, alimmulika masikio kwa tochi, halafu akamvuta mwanawe pembeni. Mvua za mwaka ujao zikianza, alisema, huenda hata radi asiisikie.

Mwanawe huyo ni Pankras, mpiga gitaa wa bendi ya kijiji chetu cha ujamaa. Na lililomuuma Pankras si uziwi wenyewe, maana uzee ni uzee. Lililomuuma ni kwamba baba yake hajawahi kumsikia akipiga. Alianza gitaa miaka miwili nyuma, wakati masikio ya mzee yameshafunga milango yake ya mbele. Na huyu si mzee hivi hivi. Ujanani alikuwa kapteni wa mganda, ngoma ya wanaume waliovaa nyeupe tupu na kupuliza vibuyu vinavyokoroma, na ziwa zima lilimjua kwa kaptura yake iliyopigwa pasi na kwa ukali wake.

Kila zoezi la bendi Mzee Romanus alikuja, akaketi mbele, akatikisa kichwa kwa furaha. Ila alikitikisa nje ya mdundo. Alikuwa anatazama vidole vya mwanawe na kubahatisha. Siku moja wenzake Pankras wakacheka, watu wasio na haya, wakasema Pankras anampigia mbuzi gitaa. Siku hiyo nusura azichape nao.

Gitaa lake zuri, la umeme, aliachiwa na Frederick, karani wa ushirika aliyehamishiwa Tanga. Lakini gitaa la umeme bila amplifaya hulia kama mbu, kwa hiyo lilikaa ukutani na Pankras akaendelea kupiga gitaa kavu la bendi. Ni huyo Frederick aliyemharibu pia. Jumapili moja redio yake ilinasa bendi ya Zambia, vijana wanaopiga muziki waliouita wa chuma, na humo gitaa haliimbi. Linanguruma. Linakoroma toka tumboni, mpaka sahani za chai mezani zikatetemeka. Pankras alitoka pale akitembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Tangu hapo akawa anaota mchana kweupe. Anaanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu, mchangani, jua la saa saba likimlegeza kope, anaona ziwa limekauka lote hadi Malawi, na kule chini kwenye tope jeupe baba yake anacheza mganda peke yake, soksi hazina doa, akigeuka na kugeuka kufuata mngurumo unaotoka kwenye gitaa la Pankras. Anaamka, kuku wamekula nusu ya usipa.

Hata hivyo uliobaki aliuuza, misimu miwili, na Juni ya mwaka sabini na nne akapanda lori kwenda Mbinga na baba yake kuchagua amplifaya. Lilikuwa la kuchagua mara moja tu. Fedha ile isingerudi tena, wala masikio yale. Lori likapanda polepole ndani ya ukungu. Milima ikawa inatokea na kufichama, mahindi yamesimama kwenye ngoro zake, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, mibuni inachuruzika maji. Mzee Romanus alitazama yote hayo yakipita kimya. Walipovuka kijito akamgusa mwanawe bega.

"Hapa maji yanasikika?"

Pankras akaitikia kwa kichwa. Mzee akatabasamu, akaendelea kutazama. Pankras alishikwa na kilio, akajifanya anafunga kamba ya viatu.

Mbinga walianzia duka la ushirika. Muuzaji, dada mmoja aitwaye Hilaria, aliwatolea amplifaya mpya inayong'aa, inayotumia betri ya gari, akaifuta vumbi lisilokuwepo.

"Shikamoo baba. Hii ndiyo yenyewe. Sauti safi, haikwaruzi hata kidogo. Chema chajiuza, kaka yangu, mimi sina la kuongeza."

Akaongeza mengi. Pankras akachomeka gitaa alilokuja nalo, akapiga. Kweli ilikuwa safi, maji ya kijito matupu, na bei yake ilimaliza usipa wote mpaka senti. Wapita njia wakasimama mlangoni, wakasifu. Mzee Romanus naye akatikisa kichwa.

"Nzuri sana, mwanangu. Nunua."

Lakini Pankras alikiona kile kichwa. Kilikuwa kinafuata vidole. Mzee alikuwa anamdanganya kwa mapenzi, kama alivyomdanganya miaka miwili, ili kijana asije akavunjika moyo. Pankras akachomoa waya.

"Asante, dada. Tutarudi."

"Mtarudi wapi! Kwa fundi Ildefonce mtapata makopo," Hilaria akasema, na kwa hasira yake ndipo wakajua pa kwenda.

Fundi Ildefonce alikuwa na kibanda nyuma ya soko, redio zimelala matumbo wazi. Alipoambiwa shida yao alikuna kichwa muda mrefu.

"Ninayo moja, lakini mnanitia aibu. Spika yake ilichanika. Mimi kwetu ni Liuli, sisi kibuyu cha mganda tunakiziba kwa utando wa mayai ya buibui, si ndiyo? Basi nikasema, kinachoziba kibuyu kitaziba spika. Nikaubandika. Yesu na Maria! Tangu siku hiyo inakoroma. Mwenyewe akaikataa. Nawapa kwa robo ya bei ya dukani, na msiseme imetoka kwangu."

Pankras akaishika ile amplifaya kwa mikono miwili. Akamsihi aiwashe. Fundi akaiweka kwenye benchi la mbao, lile lile alilokalia Mzee Romanus mgongo ukiwaelekea, akitazama wapita njia na kusubiri kwa adabu mambo ya vijana yaishe.

Pankras hakumwita baba yake. Aligusa uzi mzito wa juu, mara moja.

Redio za fundi zikatetemeka rafuni. Sauti haikutoka kama uzi. Ilitoka kama wanaume ishirini wakipuliza vibuyu kwa pumzi moja, na ndani yake kulikuwa na chuma cha Zambia kikikwaruzana. Mgongo wa mzee ukanyooka. Pankras akaingia kwenye mwendo wa mganda, ule wa kuingilia uwanjani, ambao hakuna mtoto wa ziwani asiyeujua. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka sokoni, watu wakipita ndani yake nusu nusu, na Pankras hakuwa na hakika tena kama yuko macho au bado yuko mchangani anaota.

Mguu wa mzee ulikuwa unapiga sakafu. Haukubahatisha, hakuwa anatazama vidole vya mtu.

Mara mguu ukasimama. Mzee Romanus akageuka, uso umekunjana kwa hasira ambayo Pankras alikuwa hajawahi kuelekezewa maishani mwake.

"Hebu simama! Unakimbilia wapi? Nani kakufundisha kuparamia namna hiyo? Watu wana miguu, hawana magurudumu. Na pale katikati umeruka zamu nzima. Nzima! Mimi ningekutoa uwanjani."

Fundi Ildefonce akataka kumtetea kijana, akaacha alipoona machozi yanamtiririka Pankras huku anacheka.

"Ndiyo, baba," Pankras akasema.

"Anza tena."

Akaanza tena, polepole zaidi, na baba yake akamkatiza kabla hajafika katikati.