Sehemu ya Tatu ya Jigi ya Drumkeel

Attracta Gilhooly alimwacha mgeni amesimama mlangoni, koti lake likichuruzika maji ya mvua, naye akalikodolea macho kasha la fidla lililobanwa kwapani. Kiangazi kile watu wenye mashine za kunasia sauti walikuwa wameizunguka wilaya nzima ya Leitrim, wakiondoka na muziki wa wenyewe. Jigi ya marehemu baba yake, muziki wa dansi uliochongwa jina hata kwenye jiwe la kaburi lake, hakutaka iondoke.

"Nimeambiwa Jigi ya Drumkeel ilizaliwa nyumba hii," alisema mgeni. Aliitwa Conall Roarty, na lafudhi yake ilikuwa ya Boston, ng'ambo ya bahari.

"Baba yangu ndiye aliyeitunga. Hilo hata mbwa wa hapa wanalijua. Haya, safari njema."

"Mimi niliambiwa aliitunga mwanamke, mama."

Attracta akacheka kicheko kikavu. "Kumbe tumepata mjuaji! Hebu ingia ndani uipige, tukuone."

Alitaka kumuumbua. Conall akapiga sehemu ya kwanza, kisha ya pili. Attracta akawinda kosa, asilipate. Lakini pale ambapo wapigaji wote hurudi mwanzo, upinde wa kijana ukashukia nyuzi nzito na kuingia sehemu ya tatu.

Mara ya mwisho Attracta kuisikia alikuwa na miaka sita. Ilitoka zizini, shangazi yake Sabina akiiimba huku anakamua, na baba akifoka kutoka jikoni, "Nyamaza huko!" Mwaka uleule Sabina alipanda meli, na jina lake halikutajwa tena mezani.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Bibi yangu, Sabina. Tulimzika Februari."

"Na wewe umetumwa kudai nini?"

"Sijatumwa kudai. Alitaka nije nisikie kama huku bado wanaipiga nusu."

"Nitajuaje hukuiongeza mwenyewe njiani?"

"Mimi sijui kutunga, mama. Ningejua, ningetunga yangu."

Attracta akamtazama usoni kwa muda mrefu, akimtafutia uongo. Nje, jirani yake Packie McGoldrick alikuwa amesimamisha baiskeli barabarani, kichwa kakiinamisha upande, anasikiliza. Attracta akaenda kufunga dirisha, akashusha na komeo.

"Pale inaposhuka unakosea," alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Shangazi hakuwa akiharakisha."

Akaanza kuiimba.